Mwaka Nilipotunza Samaki wa Bahari Makindu

Mzee Athumani alipotutoka mwezi uliopita, habari zilinikuta hapa kijijini Tulia, kwenye kiti changu cha plastiki kati ya jiko na dirisha, mahali ambapo habari zote hunikuta. Watoto wangu husema mimi ni kabati: ukitaka nisogee, ita wanaume wanne. Sibishani nao. Lakini siku hiyo nilisimama mwenyewe, nikavaa viatu vya kanisa, nikaenda hadi Makindu. Nilifika siku ya tatu, maziko yameshapita kama ilivyo desturi yao, nikakuta sebule imejaa wanawake mkekani. Bi Mwanaisha, mjane wake, ambaye zamani sauti yake ilikuwa ikifika stesheni kabla yake, sasa amepungua na kulainika kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Alinishika mkono, akanitazama kwa muda, kisha akawaambia wenzake, "Huyu ndiye yule mtangazaji." Chumba kizima kikacheka, na tuko matangani. Hata wasichana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule walicheka. Nikaelewa kwamba kisa changu kimekaa ndani ya nyumba ile miaka yote hii, kinaandaliwa wageni pamoja na kahawa. Nilitazama ule ukuta lilipokuwa tangi la samaki. Pana friji sasa, na juu ya friji maua ya plastiki.

Naandika kwa sababu niliposikiliza wakisimulia, niliona wanaanzia kwenye kicheko. Mimi sikuanzia hapo. Nilianzia kwenye hofu, na kicheko nilikipata mwishoni kabisa, kwa jasho.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha kidato cha nne ambacho mwaitu, mama yangu, alikuwa amekilaza chini ya godoro ili wageni wasikione. Nilipanga chumba cha uani kwa Mzee Athumani, nikifuma sweta za shule kwa mashine ya mkono. Kazi hiyo ilinifaa mno, maana haikutaka nitoke. Jumapili nilienda kanisani, na mara moja moja nilienda gurudwara, hekalu la Masingasinga, kula dengu na chapati, nikijiambia Mungu ataelewa. Siku nyingine zote nilikuwa chumbani. Mlango wangu ulitazamana na mlango wa jikoni kwao, na kupitia jikoni ungeweza kuona sebule, na sebuleni palikuwa na kitu ambacho mtaa mzima uliita televisheni ya Mzee: sanduku la kioo refu kama jeneza la mtu mzima, lenye taa juu yake, na ndani maji ya bahari. Maji ya bahari Makindu, hebu fikiria. Chini palikuwa na mchanga mweupe na mawe ya matumbawe yenye vijimea vya zambarau, na kati ya mawe kaa wadogo na samaki wanne. Wawili walikuwa wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mume na mke, waliolala ndani ya mnyama laini anayefanana na ua. Wa tatu alikuwa wa buluu, mdogo kama kidole cha mtoto, mkali kama karani. Wa nne ndiye aliyekuwa roho ya Mzee. Alikuwa mrefu kiasi cha kiganja, kijani kikichanganyika na waridi, na usoni ana michirizi kama mtu aliyepambwa kwa hina. Mzee alimwita Bibi Harusi. Ndugu yake mdogo, mvuvi, ndiye aliyemletea kwa treni ndani ya ndoo, na mwaka uliofuata ndugu huyo akafa. Mzee alilisema jambo hilo mara moja tu mbele yangu, tena akiwa amenipa mgongo, akipangusa kioo.

Maji yenyewe yalikuja kwa treni vilevile, kwenye mitungi ya lita ishirini, yakamiminwa kwenye pipa la buluu ukumbini. Watu walicheka sana. Mwaka ule ulikuwa wa kiangazi kibaya, mvua za vuli zilipita juu yetu zikaenda kunyesha kwa wengine, na stima nayo ilikuwa ya mgao, inakatwa asubuhi inarudi jioni. Wanawake wanapanga foleni kisimani kuanzia alfajiri, na wakati huohuo mzee mmoja anashusha maji kwenye treni, na maji yenyewe hayanyweki. Mama Kioko, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwimbaji mkuu wa kwaya yetu, aliniuliza kama Mzee huwa anawasomea hao samaki dua au wao husali wenyewe. Nilicheka naye. Sikujua bado kwamba siku moja nitasimama mlangoni kwake nikiwa sina la kucheka.

Jicho la kushoto la Mzee lilikuwa limekufa zamani. Mwaka ule la kulia likaanza kuingia ukungu, na daktari wa Mombasa akasema lipasuliwe haraka. Bi Mwanaisha angefuatana naye, wangekaa mwezi mzima kwa jamaa zao. Ikabaki samaki. Usiku wa mashauri hayo sikuwapo, lakini asubuhi yake nilikuwa nikifuma mlango ukiwa wazi, nikawasikia jikoni wakinywa chai ya maziwa na mahamri. Mzee alitaja kijana wa dukani kwake, Bi Mwanaisha akasema huyo atapenda mpira kuliko samaki. Akataja jamaa mmoja wa stesheni. Bi Mwanaisha akasema huyo hunywa. Kisha sauti ya Bi Mwanaisha ikapita uani bila kupunguzwa hata kidogo: "Mpe Nduku. Yule hata nyumba ikiungua atangoja iishe." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi pekee maishani ambayo sikuiomba, kwa sifa pekee niliyokuwa nayo.

Mzee alinifundisha siku mbili. Alinionyesha uduvi wa kuwalisha, kiasi cha ncha ya kijiko. Alinionyesha jinsi ya kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu stima ikiwa imepotea, ili yapate hewa, kwa sababu pampu ya hewa ilikuwa inalala na mgao. Alinionyesha kipima chumvi, mrija wa kioo unaoelea, ndugu wa kile wanachopimia maziwa pale wanapopeleka wafugaji. Kilikuwa chembamba hata nikaogopa kukipumulia, nikakiweka kwenye droo na kuapa moyoni kutokigusa. Mwisho alinionyesha mstari wa rangi ya kucha aliouchora kwenye kioo. Maji yakishuka chini ya mstari kwa joto, alisema, nijaze kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi la bati la nyumba. Nikasema ndiyo Mzee. Nilisikia vizuri kabisa. Sitaki mtu aseme sikusikia.

Tatizo lilikuwa si masikio. Kwetu mtoto akianza kutembea anajua tayari kwamba kuna maji ya aina mbili. Kuna maji matamu, ya mvua, ya kunywa na ya chai, ambayo mwaka wa ukame hunawii hata mikono. Na kuna maji ya chumvi, ya kisima, ya kufulia na ya mbuzi, ambayo ukipikia maharagwe yanakataa kuiva. Mtaa wetu ulikuwa na kisima cha hayo ya pili. Basi wiki ya kwanza nilichota maji ya mvua kutoka kwenye tangi la bati, nikasikia kata ikigonga karibu na chini, na Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumefunga na kuomba mvua kanisa zima, na mimi sasa nimesimama na jagi la maji matamu nikitaka kuyamwaga kwenye chumvi. Mkono ulikataa. Nikajiuliza kwa akili yangu yote ya kidato cha nne: samaki wa bahari anataka nini? Chumvi. Kisima chetu kina nini? Chumvi. Mzee ni mtu wa pwani, hajui hesabu za watu wa kiangazi. Nikaanza kujaza kwa maji ya kisima, na maji ya mvua niliyookoa nikampa Mama Kioko, mtungi mmoja na nusu, kwa ajili ya chai na dawa za mkwewe mgonjwa. Nilijiona mwenye busara. Kwa wiki tatu nililala usingizi wa watakatifu.

Kila Ijumaa saa nne nilivuka barabara hadi kwenye kibanda cha simu, Mzee akipiga kutoka Mombasa. Hakuulizia nyumba. Aliulizia Bibi Harusi anakula vipi. Nilimwambia anakula kama yuko kwao, na ilikuwa kweli, mpaka wiki ya nne ilipoanza. Jumapili yule wa buluu aliacha kufukuza wenzake. Jumatatu nilimkuta amelalia upande. Wale wawili wa chungwa walikuwa wamejibana, na yule mnyama wao wa ua alikuwa amesinyaa kama soksi. Nikamtafuta Bibi Harusi. Hakuwapo. Nilitazama mbele, nikatazama nyuma kwa kioo cha kujitazamia, nikatazama hata sakafuni labda ameruka. Samaki wa kiganja kizima alikuwa ametoweka kwenye sanduku lenye pande sita, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa nyumba.

Hapo ndipo nilipoenda kwenye droo. Kipima chumvi kilipaswa kuzama hadi kwenye alama nyekundu. Nilikiachilia majini, kikasimama wima kama askari, nusu yake nje: chumvi imezidi. Nikakaa kwenye kiti cha Mzee. Jikoni nilikuwa nimeacha ndengu motoni, na harufu ilipobadilika nikakimbia, nikakuta mchuzi umekauka. Nikaonja. Chumvi niliyotia asubuhi, ile ile, sasa ilikuwa inauma ulimi. Nikasimama pale na mwiko mkononi nikijitukana kwa Kikamba. Kila mpishi anajua: mvuke unaondoka na maji, chumvi inabaki. Mchuzi ukikauka huongezi chumvi, unaongeza maji. Nimepika tangu nikiwa na miaka saba, na wiki tatu nzima nilikuwa nikikaushia samaki mchuzi huku nikiongeza chumvi kwa kata.

Dawa yake ilikuwa maji matamu, na si kwa pupa. Mzee alikuwa ameniambia samaki hawa hawavumilii mageuzi ya ghafla, kwa hiyo ilibidi kutoa kikombe na kutia kikombe, kutwa, siku kadhaa. Tangi la bati lilikuwa limebaki tope. Maji matamu ya karibu yalikuwa yale niliyokuwa nimempa Mama Kioko kwa mkono wangu. Nilienda nikiwa nimeandaa maneno, na nilipofika maneno yakakimbia. Alikuwa anachambua mahindi yaliyokobolewa ya kupikia muthokoi kwenye ungo. Nikasema naomba anirudishie maji kidogo. Akauliza nimeishiwa ya kunywa? Ningeweza kusema ndiyo. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema ndiyo.

"Ni ya samaki," nikasema.

Akaendelea kuchambua. "Hii maji tuliombea, Nduku."

"Najua."

"Mimi nimekunywa chai ya maji ya chumvi wiki mbili ndio ikae. Mama mkwe namhesabia kikombe. Sasa wewe mwiitu, msichana wa watu, unataka niende niambie huyo mama ameze dawa na mate, juu ya samaki iko na kiu?"

Nikamweleza tu, vile ilivyo: Mzee hana jicho moja, la pili liko chini ya kitambaa, samaki ni wa marehemu ndugu yake, na mimi ndiye ninayewaua. Nilipofika hapo nikaanza kulia, jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Mama Kioko akaweka ungo chini. Alinitazama kama anavyotazama sauti ya pili ikitoka nje ya wimbo. Akaingia ndani, akatoka na mtungi umejaa nusu, akaushikilia bado mkononi.

"Nitawaambia kwa kwaya hii ni ya nini?"

"Usiwaambie."

"Nitawaambia," akasema, akanipa. Na aliwaambia. Jumapili iliyofuata, kwenye maombi ya mahitaji, dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliwaombea viumbe vyote vyenye mapezi, na benchi lote likatikisika.

Nilitoa kikombe na kutia kikombe siku nne. Wa buluu alikufa siku ya pili, nikamzika chini ya sukuma wiki. Wale wa chungwa walifungua mapezi, na ua lao likaanza kunyanyuka. Bibi Harusi hakuonekana. Niliamini kwamba amefia nyuma ya mawe na kaa wadogo wamemmaliza. Siku ya nne ikasimama teksi mlangoni, na Mzee akashuka akishikwa mkono na Bi Mwanaisha, kitambaa cheupe jichoni na miwani nyeusi juu yake. Daktari alikuwa amesema asione mwanga siku kumi, asiiname, asicheke kwa nguvu. Hakuomba maji wala chai. Alipapasa hadi kwenye kiti chake mbele ya tangi, akaweka kiganja kwenye kioo, akasema, "Nieleze."

Nikamwambia wa buluu amekufa. Nililisema haraka, nikaomba msamaha kwa kirefu, kama mtu anayekiri dhambi ndogo kwa sauti ili ile kubwa ipite nyuma yake. Akasema mapenzi ya Mungu, yule alikuwa mgomvi hata hivyo. Kisha akauliza, "Na Bibi Harusi?"

Bi Mwanaisha alikuwa chumbani akifungua mizigo. Kitambaa cheupe kilikuwa kimenielekea. Nikasema, "Huyu hapa, Mzee. Anapita mbele ya jiwe kubwa."

Ndivyo nilivyokuwa mtangazaji. Kila siku baada ya chai ya asubuhi, na tena jioni hadi taarifa ya habari ya redio ilipoanza, nilikaa kwenye kigoda kando ya kiti chake na kumtangazia samaki asiyekuwapo. Nilimzungusha kushoto, nikampitisha kulia, nikamfanya awanyang'anye chakula wale wa chungwa. Siku ya tatu nilimpa tabia ya kujitazama kwenye kioo. Mimi ambaye sijawahi kuona bahari nilikuwa namwelezea mtu wa bahari samaki wake, na yeye anatikisa kichwa polepole, anasema, "Enhe," anasema, "Na mkia?" Bi Mwanaisha alipita na sinia la wali akaniangalia, akaangalia tangi, akaendelea na safari yake. Sahani yangu ilirudi jikoni imejaa. Nilikuwa na mpango, kama unaweza kuuita mpango: nilitegemea kabla ya siku ya kumi nife.

Siku ya saba Mzee aliniambia kwamba Jumamosi kitambaa kinatoka. "Nimeshaamua," akasema, akashusha sauti. "Wa kwanza kumwona ni Bibi Harusi. Wa pili Mwanaisha. Usimwambie." Na akatabasamu chini ya miwani ile.

Uongo wangu uliishia hapo. Nilishuka kwenye kigoda nikakaa sakafuni, nikamwambia kila kitu: maji ya kisima, ndengu, Mama Kioko, kikombe kwa kikombe, na kwamba Bibi Harusi hayupo, na hakuwapo siku walipofika, na yote niliyomtangazia nilitoa kichwani. Nikasema nitahama chumba.

"Huyo samaki hulala kabla jua halijazama," akasema. "Kila siku ya Mungu. Wewe ulikuwa unanizungushia hadi saa ya taarifa ya habari."

Nikamtazama. "Kumbe ulijua?"

"Tangu jioni ya kwanza."

"Na ulinyamaza?"

"Nilikuwa na jicho moja, nalo limefungwa. Nikasema ngoja niwaone samaki wa Nduku." Kisha uso ukabadilika, akaacha mchezo. "Hulala wapi, unajua?"

Sikujua. Sikuwa nimewahi kuwa sebuleni kwao jioni kabla ya wiki ile.

"Mchangani. Hujifukia. Akiogopa hujifukia pia, na anaweza kukaa siku nyingi. Umechimba?"

Nikasema sikuchimba, samaki atafanya nini mchangani? Akapumua. "Basi usichimbe. Huenda yu hai, huenda amekufa. Mimi sijui na wewe hujui. Kaa. Sasa nitangazie kilichopo."

Kwa hiyo siku ya nane nilitangaza mchanga. Jambo hilo ni gumu kuliko watu wanavyofikiri. Nilisema mchanga umetulia, na baada ya muda nikasema bado umetulia. Nikamweleza kokoto moja yenye umbo la figo. Nilimweleza wale wa chungwa, ambao kwa bahati mbaya walifanya kidogo sana. Mzee alisikiliza kwa makini kuliko alivyosikiliza sarakasi zangu zote za wiki iliyopita, vidole vyake vikiwa juu ya kioo, na nilipochoka aliniambia niendelee. Nilikuwa mwepesi kwa namna ambayo sijui kuieleza. Samaki hakuwa amerudi, nami nilikula sahani mbili za pilau mchana ule, Bi Mwanaisha akasema kumbe tumbo lipo.

Ijumaa asubuhi stima ilikuwa imekatwa. Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda, nachota kwa kikombe na kumwaga kutoka juu, huku nikitangaza. Nilikuwa nimefika kwenye ile kokoto. Pembeni yake mchanga ukatikisika. Nikadhani ni maji niliyomwaga. Ukatikisika tena, ukapasuka mstari mwembamba, na kikatoka kichwa chenye michirizi ya hina, kikageuka huku, kikageuka huku, kama mtu anayechungulia kama wageni wameondoka. Kisha mwili wote. Alikuwa amekonda, rangi ya waridi imefifia, pezi moja limechanika. Akajikung'uta mchanga, akapita mbele ya jiwe kubwa, mahali pale nilipompitisha mara mia kwa uongo, na sikuwa na neno hata moja kinywani.

Kikombe kilikuwa kimesimama hewani. Maji yalikuwa yananidondokea mkononi hadi kwenye kiwiko.

"Nduku," Mzee akasema. "Mbona umenyamaza?"

Nilijaribu. Midomo ilisogea, sauti haikuja. Mzee akainua uso wake uliofungwa, akausikiliza ukimya wangu kwa muda, na nikaona mabega yake yakianza kutikisika, mkono mmoja ukikimbilia miwani ili jicho lisitikisike, maana daktari alikuwa amekataza kicheko.

"Mwanaisha," akaita kuelekea jikoni. "Njoo uniangalilie hapa. Huyu mtangazaji wangu ameishiwa."